Ndugu Wawili wa Engaresero na Simu ya Kuongea na Anga

Ikifika Agosti, watu wa mpira wanahangaika na tetesi za usajili: nani anatua Jangwani, nani anakwenda Msimbazi, nani kaonekana airport na begi. Lakini wapo wengine ambao Agosti yao ni ya simu tu. Hawa hawana habari na beki wa kushoto. Wanachotaka kujua ni iPhone mpya itakuwa na macho mangapi, rangi gani inatoka, chaji itakaa muda gani. Kadi ya mwaliko ikitoka California inachambuliwa kama ndoto ya Farao: hii nyota imewekwa ya nini, hiki kivuli kina maana gani, kwa nini herufi zimepinda. Siku ya uzinduzi yenyewe kule ni saa nne asubuhi, kwetu saa mbili usiku, na kuna watu Tanzania hii wanawahi kuoga na kula ili saa mbili iwakute wamekaa.

Fundi simu mmoja wa Karatu mjini ni mtu wa aina hiyo. Jina lake libaki kapuni. Ana kibanda chake, anabadilisha vioo, anatoa mafuta ya nyama choma kwenye spika za watu, anauza kava na chaja. Kwao ni Engaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai, ukishaacha lami Mto wa Mbu, ukapita Engaruka, ukala vumbi mpaka ukaiona Natron inang'aa kwa mbali. Aliondoka kule kwenda shule na tangu hapo anarudi kwa sherehe na misiba. Aliyebaki nyumbani ni mdogo wake. Ukitaka kuwa mtu wa karatasi utasema ni binamu, mtoto wa baba yake mdogo, lakini kwao hakuna cha binamu, ni mdogo wake tu. Huyu kazi yake ni kupandisha wageni mlimani.

Kwa miaka mingi uhusiano wa hawa wawili ulikuwa ni voisi za WhatsApp. Mtandao pale nyumbani ulikuwa unashika kwa kubahatisha, ila nyuma ya boma kulikuwa na jiwe moja ambalo ukilipanda jioni na kuelekea upande fulani, meseji zinaingia zote kwa mkupuo. Mdogo mtu alikuwa analipanda kila siku akishafungia mbuzi. Na zilizokuwa zinaingia kutoka Karatu karibu zote zilianza hivi: "Ero, sikia hii. Wanasema..."

Wanasema mwaka huu wanatoa ya bei rahisi. Wanasema chaja haitakuwepo kwenye boksi. Wanasema hii mpya ukiitumbukiza majini inapiga picha. Walikuwa wanawekeana soda. Tetesi ikitimia, mdogo anadaiwa. Ikipeperuka, kaka anadaiwa. Kufikia katikati ya 2021 kaka alikuwa anadaiwa soda 11 na hakuna aliyewahi kulipa hata moja, maana aliyekuwa na iPhone kati yao hakuwepo. Mmoja alikuwa anatumia Tecno iliyopasuka kioo (fundi wa vioo, sijui mnaelewa), mwingine Itel aliyochaji kwa sola. Zilikuwa stori tu. Ndugu wawili waliotengana tangu utotoni walikuwa wamepata kitu cha kuongea ambacho si mtaji, si ugonjwa wa mzee, si ng'ombe waliokufa.

Halafu ikaja tetesi ya satelaiti.

Ili uelewe ilivyompata yule wa mlimani, lazima ujue kilichotokea miezi michache kabla. Lengai unapandwa usiku. Mnaanza karibu na saa sita ili alfajiri iwakute juu, kwa sababu jua likitoka ule mteremko hauna mti hata mmoja wa kujificha. Ni volkano hai, ina mita zaidi ya 2,900, na njia yake ni majivu yaliyogandana na kokoto zinazoteleza. Kupanda ni kazi, kushuka ni kazi zaidi. Siku hiyo aliyeanguka hakuwa mgeni. Alikuwa kijana wa kijijini, msaidizi wake, mbeba maji. Goti liligeuka upande ambao goti haligeuki. Simu mfukoni hazikuwa na hata mstari mmoja wa mtandao. Kiongozi akamwachia maji na shuka, akawashusha wageni mpaka lilipoachwa gari, dereva akakimbia kutafuta mtandao na watu wa kubeba. Mpaka wanamfikia yule kijana jua lilikuwa limempiga kwa saa sita. Alipona. Anachechemea mpaka leo.

Sasa Agosti 2021, mchambuzi anayeitwa Ming-Chi Kuo, ambaye kazi yake ni kufuatilia viwanda vinavyoitengenezea Apple vipuri, akasema iPhone 13 itakuwa na uwezo wa kuwasiliana na satelaiti moja kwa moja, hata pasipo na mnara. Dunia ya tetesi ikachafuka. Kampuni ya satelaiti ya Globalstar, iliyotajwa kwamba huenda ndiyo itakayotumika, hisa zake zikapaa. Siku chache baadaye mwandishi Mark Gurman wa Bloomberg akapoza: ni kwa ajili ya dharura tu, na huenda isiwe mwaka huo. Fundi wa Karatu alituma voisi ya dakika nne kuhusu habari ya kwanza. Ya pili hakuituma. Hakuficha; ndivyo tetesi zilivyo, ile inayopoza haina mtu wa kuibeba.

Mdogo mtu aliisikiliza ile voisi mara tatu akiwa juu ya jiwe. Kwa mara ya kwanza hakuuliza rangi. Aliuliza bei.

Septemba 14 saa mbili usiku kaka akawa anamtumia matukio moja moja kama mtangazaji wa redio. Kamera mpya. Kile kijinafasi cha juu ya kioo kimepungua. Video inayofifisha nyuma kama sinema. Halafu wakaaga. Satelaiti haikutajwa hata kwa bahati mbaya. "Soda ya 12," mdogo akaandika, lakini safari hii hakuweka kile kikatuni cha kucheka.

Mwaka uliofuata ulikuwa mtamu kwa watu wa tetesi. Agosti 2022 shirika la TTCL likafikisha intaneti ya kasi Kilimanjaro, mpaka Horombo, mita 3,720. Watu wa Lengai waliisoma hiyo habari kama mtoto anayesikia harufu ya pilau ya jirani. Tarehe 25 mwezi huohuo T-Mobile na SpaceX wakatangaza kule Marekani kwamba simu za kawaida zitakuja kuongea na satelaiti zao. Mwaliko wa Apple ukatoka: anga la usiku limejaa nyota, na maneno mawili yenye maana ya "mbali sana". Nani angehitaji mganga wa kutafsiri hapo? Huawei wakawahi kwa siku moja, Septemba 6, na simu ya kutuma ujumbe kwa satelaiti za China. Septemba 7 ikafika zamu ya iPhone 14, na kitu kikatajwa kweli. Unaielekeza simu angani, inakuonyesha satelaiti iko upande gani, unajibu maswali mafupi, ujumbe unakwenda. Sekunde kama 15 ukiwa mahali pa wazi. Miti ikiziba, inaweza kupita dakika.

Mahali pa wazi! Kama kuna sehemu iliyoumbwa kwa ajili ya kuonyesha simu anga, ni ubavu wa Lengai. Yule bwana hakulala. Alimuamsha mpaka mama yake akamweleza. Yeyo akasikiliza, akageukia upande wa mlima, ambako wanawake wa kwao wamekuwa wakielekea kumwomba Engai tangu mabibi wa mabibi, akasema huko juu mtandao haujawahi kukosekana, ni nyinyi tu hamjui kupiga.

Kulikuwa na kipengele kimoja. Huduma ingeanza Novemba, kwa Marekani na Kanada. Na hapa ndipo kaka alipotoa hoja ambayo, ukiisikia haraka, ina akili kabisa: kama huduma ni ya Marekani, basi tununue simu ya Marekani. Si kuna simu za kule zinazofungwa zisitumike na laini za huku? Basi zipo na zinazokuja na mambo yake ndani. Ukiwa na ya kwao, una ya kwao popote. Wanasema hivyo, alisema.

Mwaka ule ukame ulikuwa umeikausha kaskazini. Mnadani ng'ombe walikuwa wanauzwa wakiwa mbavu. Mdogo mtu aliuza mtamba na maksai wawili, na wazee wakamsifu kwamba kawahi kabla hawajafa. Hakuwaambia hela inakwenda wapi. Akajumlisha na tipu alizokuwa ameficha tangu kabla ya corona, jumla milioni 2 na nusu, akazituma Karatu. Simu ikaja Februari 2023 mkononi mwa mtu aliyekuwa anarudi likizo.

Kituko cha kwanza kilikuwa laini. Aliigeuza simu huku na huku akitafuta tundu la kuchomeka laini, hakuna. iPhone 14 za Marekani zilitengenezwa bila tundu, laini yake ni ya kielektroniki. Hiyo nayo ilikuwa imevuma kwenye tetesi mwaka mzima, ila haikuwa ya kusisimua, kaka hakuitumia voisi. Ikabidi mtu mzima asafiri mpaka Arusha, apange foleni, aweke vidole, ndipo simu ya kuongea na anga iweze kuongea na shangazi.

Kituko cha pili hakikuwa cha kuchekesha. Wiki iliyofuata alipandisha wageni watatu. Walifika ukingo wa kreta kabla ya mapambazuko, upepo unakata masikio, nyota zote zipo. Akasogea pembeni, akainua simu. Akaigeuza kushoto, kulia, akaizima, akaiwasha. Hakikutokea kitu, hata kile kimshale cha kuonyesha satelaiti. Akapanda jiwe lililoinuka zaidi, kama vile tofauti ya mita moja ingemfikisha.

Mgeni mmoja, mama wa makamo, akamuuliza anatafuta nini. Akamweleza. Yule mama hakucheka, na hilo amelikumbuka siku zote. Alifungua kamba ya begi lake akatoa kidude cha rangi ya chungwa kinachoenea kiganjani, chenye kiantena kama kidole gumba. Akaandika maneno machache, akakaa nacho. Baada ya dakika kadhaa kikalia: mumewe amejibu kutoka nyumbani kwao. Vidude vya namna hiyo, inReach, vipo sokoni tangu 2011, na Garmin walimnunua mtengenezaji wake 2016. Vinatumia satelaiti 66 za Iridium zinazozunguka dunia nzima na kupasiana ujumbe zenyewe kwa zenyewe huko juu. Globalstar haiko hivyo. Satelaiti yake ni kama kioo: inachukua ujumbe wako na kuuakisi palepale kwenye kituo cha ardhini, na kama hapo ilipo haioni kituo, ujumbe hauna pa kuangukia. Juu ya hapo lazima kuwe na makubaliano na waokoaji wa nchi husika. Kwa hiyo simu kununuliwa Marekani peke yake hakutoshi. Inaangalia imesimama wapi.

Yaani kitu alichokuwa anakiota kwa mwaka mzima na nusu kilikuwa kinapandishwa Lengai kwenye mabegi ya wageni wake, pengine aliwahi kukibeba mwenyewe. Lakini kile kidude hakina mashabiki. Hakuna anayekaa saa mbili usiku kusubiri kitangazwe, hakuna anayechambua mwaliko wake. Unakikuta dukani, unalipia kila mwezi, unakwenda porini. Tetesi hazikijui.

Na katika maongezi hayohayo yule mama, bila nia mbaya, akataja bei ya ile simu kwao: dola 799. Kwa kiwango cha wakati ule haifiki milioni 2.

Jioni akapanda jiwe, safari hii akapiga kabisa. Alianza na satelaiti. Kaka akasema, "Mimi nilikwambia wanasema." Na hapo ndipo ugomvi ulipolala, kwenye hilo neno. Maana ni kweli, hakuwahi kusema anajua. Miaka yote alikuwa anasema wanasema. Wakati zilipokuwa soda, "wanasema" ilikuwa raha yenyewe. Hakuna mwenyewe, hakuna wa kushitakiwa. Sasa kulikuwa na maksai wawili na mtamba, na ghafla ile raha ikageuka mlango wa kutokea. Mdogo akahamia kwenye bei. Kaka akataja aliyeileta, akataja usumbufu, akataja hatari. Hakutaja cha juu alichojiwekea, lakini kimya chake kilikitaja. Simu ikakatwa. Nani aliyekata, kila mmoja ana lake.

Hawakuongea kwa zaidi ya miaka miwili. Yule mwenye simu ya kumfikia mtu yeyote duniani akawa hamfikii mtu wa Karatu. Alilipanda jiwe kama kawaida, meseji zikaingia za wageni na za vikundi vya harambee, zile voisi zikawa hazipo. Alikuja kumwambia dereva wake kwamba ng'ombe waliuma mwezi mmoja. Agosti ya 2023 ndiyo iliyomuuma, ilipopita bila mtu wa kumwambia "Ero".

Mlimani mambo hayakusimama. Mei 2023 Serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini nchi nzima, na kila mtu mwenye kichwa kirefu akaanza kutabiri mmoja utakaa kilima kipi. Tetesi nyingine hizo. Mdogo mtu hakuzisubiri. Alikaa na dereva wakapatana. Usiku, tochi ya kichwa ikiwaka na kuzimika mara tatu kutoka kwenye ukingo ni shida. Chini inaonekana vizuri, hata yeyo akiwa bomani anaziona taa za wapandaji zikipanda kama siafu wa moto. Mchana, shuka jekundu linatandazwa kwenye majivu, na dereva ana darubini ya wageni. Machela iko garini. Ameitumia ile tochi mara moja, kwa mgeni aliyeishiwa pumzi, na watu walifika kabla jua halijawa kali. Ni vizuri kusema pia kwamba hata satelaiti ingekubali, mwisho wa ule ujumbe lazima kuwe na gari, na kutoka pale mpaka Wasso au Karatu ni barabara ileile.

Simu nayo haikutupwa. Usiku inapiga nyota na Lengai kwa namna ambayo Itel haikuweza, na picha zile zimemletea wageni wawili watatu moja kwa moja, bila dalali. Pengine imesharudisha maksai mmoja. Mtamba bado.

Mwishoni mwa Mei 2025 ikaingia voisi kutoka Karatu, sekunde tisa. Haikuwa na samahani wala salamu. "Ero. Wanasema mfumo mpya hautaitwa 19. Utaitwa 26."

Mtu asiyekuwa kwenye hayo mambo haoni uzito wake. Mwaka mzima dunia yote ilikuwa inasema 19, kwa sababu uliokuwepo ulikuwa 18, na baada ya 18 inakuja 19, mtoto wa chekechea anajua. Kuruka mpaka 26, kwa kufuata namba ya mwaka unaokuja, ni tetesi ya kichaa. Hakujibu. Juni 9 saa mbili usiku, kwa mazoea tu, akapanda jiwe. Ikatangazwa: 26. Akakaa na simu mkononi muda mrefu, halafu akaandika neno moja: "Soda."

Apdeti yenyewe ilifunguliwa kwa watu wote Septemba 15. Ni gigabaiti kadhaa, na kwa mtandao wa lile jiwe angepiga kambi mpaka Krismasi. Akasubiri gari la wageni linalotoka, akashukia Karatu. Kaka alimkuta amekaa kwenye benchi la kibandani kama mteja. Hakumuuliza shida yake. Alimpa neno la siri la waifai, akatuma mtoto soda mbili, na walipokuwa wanasubiri akachomoa kwenye droo ya vioo bahasha yenye laki tatu, akaiweka juu ya meza karibu na ile simu. Hakusema ni za nini. Mdogo akaihesabu mbele yake, noti moja moja, akaitia ndani ya shuka.

Apdeti haijafika nusu, umeme ukakatika. Barabara nzima ikapiga ile sauti ya "aaah". Kaka akawasha tochi ya kitochi, akaisimamisha juu ya kopo la skrubu.

"Wanasema mwakani wanatoa ya kukunja," akaanza.

Mdogo akanywa soda taratibu.

"Kioo chake kikipasuka, utabadilisha kwa shilingi ngapi?"

Fundi akafungua mdomo, akaufunga. Hilo hakuna anayelisema.